Filimu Isiyo na Jina

Kwa miaka ishirini na miwili, Melchior Syauswa aliwapiga radio watu wa Butembo. Huku kwetu picha ya mifupa na mapafu inaitwa radio, na yeye wagonjwa walimuita Papa Radio, wengine bila kujua kabisa jina lake la ubatizo. Alianza kazi pale hospitali ya misheni kama mbeba machela. Sista mmoja Mbelgiji aliyekuwa na mashine akaona kwamba kijana huyu hana haraka na hana makelele, akamfundisha kidogo kidogo: namna ya kumsimamisha mgonjwa, kupima umbali, kuosha filimu gizani na kuianika kama nguo. Sista aliporudi kwao, Melchior alibaki na ufunguo wa chumba cha mashine.

Alikuwa mtu wa mambo madogo. Asubuhi, baridi ya Butembo inapokuwa bado kwenye kuta, bamba la chuma la mashine huwa kama barafu. Kabla ya kumwambia mama mzee aweke kifua pale, Melchior alilisugua bamba kwa viganja vyake viwili mpaka lipate joto. Kisha anaenda nyuma ya ukuta wa madini ya risasi, unaozuia miale, na kusema kwa ile sauti yake nene: "Vuta pumzi. Shikilia. Achia." Jumapili sauti hiyo hiyo ilisoma masomo kanisani, na watu walisema ukikaa benchi la mwisho unamsikia kama yuko pembeni yako.

Sigara aliianza akiwa na miaka kumi na sita, kwenye shamba la kahawa upande wa Lubero, ambako msimamizi aliwagawia vijana sigara ili wasilalamike njaa. Alipomuoa Godelive alikuwa tayari anamaliza pakiti moja kwa siku. Vita ilipofika na pakiti zikawa za shida, alinunua tumbaku ya majani sokoni na kuifunga katika karatasi ya daftari. Godelive, ambaye aliuza maharagi na viazi katika soko lile lile, alilalamika kwamba hata mto wa kitanda unanuka. Melchior alimjibu kwamba siku nzima anavuta harufu ya dawa za kuoshea filimu, na moshi ndio unaomsafisha kifua. Alisema hivyo kwa mzaha, lakini kidogo aliamini.

Mwezi wa nane wa mwaka 1999 filimu zilikwisha hospitalini. Barabara ya Kasindi, mpakani, ilikuwa imefungwa kwa wiki sita, na magari yalipoanza tena kuvuka mpaka, zilikuja katoni mbili za filimu ambazo zilikuwa zimekaa juani kwenye uwanja wa forodha. Melchior aliogopa kuwa zimeharibika. Hakutaka kumjaribia mgonjwa, kwa sababu ikitoka nyeusi ni lazima ampige tena. Basi akamuita Vagheni, mfagiaji wa hospitali, mzee mwenzake, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza, akavua blauzi yake, lile koti jeupe la kazi, akaweka kifua chake mwenyewe kwenye bamba. Vagheni alibonyeza. Melchior akaingia kwenye chumba cha giza.

Filimu ilitoka safi. Mbavu zilionekana vizuri, moyo vizuri. Alifurahi, akatoka nayo, akaipandisha kwenye sanduku la taa ili amwonyeshe Vagheni kwamba katoni ni nzima. Ndipo akaona kitu upande wa pafu la kushoto, juu, chini kidogo ya mfupa wa bega. Kilikuwa kidoa cheupe, kikubwa kama punje ya haragi, na kingo zake hazikuwa laini bali zilitoa nywele nywele kama mzizi.

Vagheni alisema tu kwamba picha ni nzuri. Melchior akaitika kwamba ni nzuri.

Alikuwa ameona maelfu ya mapafu. Kifua kikuu alikijua kama anavyojua njia ya nyumbani: mawingu, mashimo, na mgonjwa mwenyewe anatoka jasho na homa. Yeye hakuwa na homa. Hakuwa anakohoa zaidi ya kile kikohozi cha asubuhi cha kila mvutaji. Kitu cha namna ile, chenye mizizi, alikuwa amekiona labda mara kumi, na kila mara aliyekuwa nacho alikuwa mwanaume wa makamo mwenye vidole vya njano. Alijua pia kwamba wale kumi walikuja wamechelewa, kidoa kikiwa kama ngumi. Cha kwake kilikuwa kidogo. Hilo lilimpa moyo na kumtia hofu kwa wakati mmoja.

Kwa kawaida kila filimu aliandika jina la mgonjwa kwenye kona. Hii aliandika tarehe tu. Akaitia ndani ya bahasha ya kahawia, akaisukuma nyuma ya kabati la dawa.

Alipanga kumwambia Docteur Kapinga siku iliyofuata. Docteur Kapinga alikuwa mama wa Kasai, aliyetumwa na serikali kabla ya vita, kisha vita ikamfungia huku bila barua wala mshahara. Asingemcheka. Lakini siku iliyofuata magari mawili ya abiria yalipigwa risasi kwenye barabara ya Beni, na kwa siku nne Melchior alipiga radio miguu, nyonga na vichwa, jenereta ikinguruma nje. Hapo akajiambia kwamba huu si wakati wa mtu kusumbua watu kwa ajili ya punje ya haragi. Akajipa miezi mitatu. Miezi mitatu ikapita. Filimu alikuwa nazo, mashine alikuwa nayo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Kujipiga picha ya pili kungemchukua dakika kumi. Hakujipiga.

Mwaka uliofuata kikohozi kilibadilika. Kilikuwa hakimuachi hata mchana, na mwezi wa tisa Godelive aliona damu kwenye kitambaa chake. Alimpeleka mwenyewe kwa Docteur Kapinga, akimshika mkono kama mtoto. Docteur alitaka radio, na aliyekuja kubonyeza ni Vagheni tena. Safari hii pafu la kushoto lilikuwa na wingu zito juu. Makohozi yalipimwa mara tatu na hayakuonyesha kitu, lakini katika nchi ambayo karibu kila damu ya kifua ni kifua kikuu, Docteur aliona bora amwanzishie dawa za ugonjwa huo bila kungoja. Alimuuliza Melchior kama amewahi kupigwa radio kabla. Melchior alisema hapana.

Alimeza vidonge hivyo kwa miezi miwili. Kila asubuhi Godelive alimpa na kikombe cha uji, akimtazama mpaka ameze, akifurahi kwamba ugonjwa umepata jina. Yeye alijua anameza dawa za ugonjwa wa watu wengine. Alipungua mpaka mshipi ukahitaji matundu mapya. Ncha za vidole vyake zilivimba na kuwa za mviringo. Na siku ya Watakatifu Wote alisimama kwenye mimbari kusoma, akafungua mdomo, na iliyotoka haikuwa ile sauti. Ilikuwa pumzi yenye mikwaruzo. Alisoma mpaka mwisho. Watu wa mabenchi ya nyuma hawakusikia neno, na hakuna aliyekohoa wala kugeuka.

Dada yake, Anne-Marie Kahongya, alikuwepo kanisani siku ile. Aliishi upande wa Vulamba, hapo hapo mjini, mjane mwenye nguvu na maneno, na alimpenda kaka yake kupita kiasi kwa sababu ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa. Kahongya alitoka misani akiwa ameshaamua. Mtu anayekauka hivi, anayekohoa damu, ambaye dawa za hospitali hazimsaidii, amelishwa karuho. Karuho ni ile sumu ya polepole ambayo watu wa huku wanaiogopa kuliko risasi: mtu anakuwekea kwenye kinywaji, nawe unakwisha kwa miezi. Kahongya alimleta mganga wa upande wa Kamango, ambaye alimnywesha Melchior majani machungu, akamtapisha kwenye beseni, akatazama ndani ya beseni kwa muda mrefu. Alisema sumu ilitoka kwa mwanamke asiye wa kabila lao, na aliyeitia anaishi karibu kiasi cha kusikia mgonjwa akikohoa.

Hapakuwa na haja ya kutaja jina. Nyuma ya ukuta wa Melchior aliishi Mama Émérance, mtu wa jimbo la mbali la Équateur, ambaye mume wake alikuwa afisa wa forodha Kasindi na alikufa katika vita ya kwanza, ile iliyotangulia hii. Hakuwa na mtoto. Alikaanga mikate ya mafuta asubuhi na kuiuza kwa wapita njia. Mwaka mmoja nyuma, siku ya kumkumbuka mume wake, alikuwa amewaita majirani na kuwapa kasikisi, pombe ya ndizi, na Melchior alikunywa vikombe viwili. Sasa kila mtu alikumbuka vikombe vile viwili.

Kwanza wateja wa mikate walipungua. Kisha mawe yalirushwa kwenye mabati yake, mchana kweupe. Kisha vijana watatu wenye bunduki, wa kimoja cha vile vikundi vilivyokuwa vinajiita walinzi wa mji, walisimama mbele ya mlango wake na kumuuliza ana siku ngapi za kumponya yule mzee. Mwaka ule, katika mtaa mwingine, mwanamke mmoja alikuwa amechomwa kwa shutuma ya namna hiyo. Mama Émérance alijua. Alikuja kwa Melchior akapiga magoti kando ya kitanda, kitu ambacho mtu wa umri wake hamfanyii jirani.

Alisema taratibu, akimwita ndugu kwa lugha ya kwao, na Léa, binti mkubwa wa Melchior aliyekuwa anasomea uuguzi, alisikia akiwa mlangoni: "Ndeko, weye unanijua. Wambie kama sikukufanyia kitu. Miye sina mutu mwingine wa kunisemea."

Melchior alimtazama. Alisema kwa kile alichobaki nacho cha sauti kwamba arudi nyumbani, ajifungie, na Jumapili baada ya misa atawasemesha watu wote.

Jumamosi alimuomba Léa amsindikize hospitalini. Walipumzika mara saba njiani, mwendo ambao zamani aliufanya huku akivuta sigara. Alifungua chumba chake, akamwambia Léa asogeze kabati, akachukua bahasha. Hakumwambia ni nini. Léa alisema baadaye kwamba alidhani ni karatasi za kiwanja.

Jumapili familia ilijaa sebuleni. Kahongya alikaa mbele, yule mganga wa Kamango kando yake, na wale vijana watatu walisimama nje ya dirisha. Mama Émérance alikuwa uani, kwenye kona, hakuna aliyempa kiti. Melchior aliinuka, akashika filimu ya kwanza kwenye kioo cha dirisha ambapo mwanga wa saa sita ulipita, na kwa mkono mwingine akamuomba Léa ashike ile ya mwezi wa tisa pembeni yake.

"Hii ni kifua yangu," alisema. "Nilipiga miye mwenyewe. Mutazame tarehe."

Aliwaonyesha kidoa kwenye ya kwanza, kisha wingu kwenye ya pili, mahali pale pale. Alisema ile tarehe iko miezi minne kabla ya siku ile ya kasikisi kwa Mama Émérance, wakati alipokuwa bado hajaonja kitu chochote cha nyumba ile. Alisema ugonjwa huu hauitwi karuho, wala si kifua kikuu, unaitwa kansa ya mapafu, na yeye aliujua siku alipouona. Alimuomba Mama Émérance msamaha, kwa jina, mbele ya wote. Kisha akakaa.

Mganga aliondoka bila kuaga. Wale vijana walibaki kidogo, wakatazama filimu kana kwamba wanaielewa, nao wakaenda zao. Kahongya alijifunika uso kwa kitenge. Alirudia neno moja tu, "Yaya, yaya," yaani kaka, na haikujulikana kama analia au anamgombeza.

Godelive hakulia. Aliziondoa zile filimu dirishani, akazitazama moja moja, akauliza:

"Hii ya kwanza ni ya mwezi wa nane ya mwaka jana?"

"Ndiyo."

"Na sasa tuko mwezi wa kumi na mbili. Miezi kumi na sita unalala pembeni yangu na hii kitu, Papa Léa. Miye nakupatia dawa na uji kila asubuhi, unanitazama, unameza."

"Nilikuwa naogopa."

"Na miye? Miye ningeliogopa pamoja na weye."

Kwa siku tisa alimpikia, alimwosha, alimgeuza kitandani, na hakumsemesha. Siku ya kumi alimwambia kwamba Docteur Kapinga anataka waende Kampala, kwamba nguo zimeshafungwa, na kwamba wataondoka Alhamisi kama barabara itakuwa wazi.

Docteur alikuwa amezitazama filimu zote mbili na hakumkaripia. Alimuuliza swali moja tu, kama alidhani yeye Kapinga angemcheka. Kisha aliandika barua. Alieleza kwamba radio inaonyesha kivuli tu. Ili kujua ni kansa ya aina gani na imefika wapi, lazima wachukue kipande cha nyama yenyewe wakiangalie kwa darubini, na wampige scanner, ile mashine inayomkata mtu kwa picha nyembamba nyembamba kama mkate. Mashine hiyo haikuwepo upande wetu wote wa mashariki.

Barabara haikufunguka mpaka mwishoni mwa mwezi wa pili, ndipo wakaondoka, Melchior, Godelive na Léa, ndani ya kabini ya lori la kahawa. Beni walilala kwa masista. Kutoka Beni hadi Kasindi vizuizi vilikuwa kumi na moja, na katika kila kimoja askari alimwamuru Melchior ashuke, akamwona anavyoshuka, akamwambia arudi ndani. Pale Kasindi foleni ya malori ilikuwa ndefu. Melchior aliona uwanja wa forodha ambapo katoni zake za filimu zilikaa juani, akageuza uso. Godelive alimshika mkono wakati wa kuvuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili.

Kampala walikaa wiki tatu. Daktari wa kule alipapasa shingo yake na kupata uvimbe mdogo juu ya mfupa wa mtulinga, upande wa kushoto, ambao hata Melchior hakuwa ameugusa. Walikata kipande hapo. Walimlaza kwenye scanner, na yeye, ambaye alikuwa amewaambia watu maelfu washikilie pumzi, aliambiwa kwa lugha asiyoijua ashikilie pumzi, akashindwa kwa sababu ya kukohoa, wakarudia mara tatu. Walimrudisha na bahasha iliyofungwa, ya kumpa daktari wake.

Docteur Kapinga aliifungua mbele yao, kwenye ofisi yake. Alisoma mara mbili. Kisha alichukua karatasi akachora mapafu mawili, vibaya vibaya, kama majani ya mhogo, akaanza kueleza kwa kalamu. Kansa hii wanaipanga kwa hatua nne, ambazo madaktari wanaziita stade. Ya kwanza, kidoa kiko peke yake ndani ya pafu, na mpasuaji anaweza kukitoa. Ya pili, kimeshafika kwenye tezi zilizo karibu ndani ya pafu lenyewe. Ya tatu, kimeingia katikati ya kifua, penye mishipa mikubwa, na mara nyingi kisu hakiwezi tena. Ule ugonjwa wa kati ya kifua ndio uliobana mshipa unaoendesha sauti. Alichora mstari mpaka shingoni. Kisha akashusha kalamu chini ya mapafu, akachora ini.

"Papa Melchior, siwezi kukudanganya," alisema. "Iko kwa maini, na iko kwa mufupa ya mugongo. Ni stade ya ine."

Melchior alitikisa kichwa kama mtu anayethibitisha kipimo. Aliuliza kama ni mashine iliyomfanyia hivi, ile miaka ishirini na miwili, zile dawa za chumba cha giza. Léa aliona kwamba alitaka jibu liwe ndiyo. Mtu aliyeuawa na kazi yake ana heshima yake.

Docteur alisema miale inaweza kuongeza kidogo, lakini yeye alisimama nyuma ya ukuta wa risasi miaka yote. Moshi wa jikoni la mama yake, ambalo halikuwa na dirisha, nao huongeza. Ila pakiti moja kwa siku kwa miaka thelathini ni mzigo ambao yale mengine yote hayafikii hata robo yake.

"Na kama ningelikuleteya ile filimu ya kwanza, ile siku?"

Godelive alitazama sakafu. Docteur aliweka kalamu chini.

"Ingelikuwa pengine stade ya kwanza. Pengine wangelikupasua Kampala. Wengine banapona, wengine inarudia. Zaidi ya pale sijui, na hakuna mutu anajua."

Melchior alimshukuru. Walipotoka, alikaa kwenye benchi la wagonjwa nje ya chumba chake mwenyewe cha radio mpaka jua likageuka, na Godelive alikaa naye.

Katika miezi iliyofuata alikuwa na wazo moja lililomshika. Alitaka kila mvutaji wa hospitali na wa parokia apigwe picha ya kifua, hata asiye na kikohozi. Vagheni alikuwa amekwisha kujua kuendesha mashine. Melchior alimfundisha akiwa amekaa kwenye kiti, akiongea kwa mkono zaidi ya mdomo. Docteur Kapinga alimkatalia. Alimwambia filimu zilizobaki ni za waliopigwa risasi, na zaidi ya hapo, radio ya kawaida inapita juu ya vidoa vingi vidogo bila kuviona. Chake kilionekana kwa bahati. Mtu atapewa picha safi, ataenda nayo nyumbani, atawasha sigara kwa raha. Wakiacha kuvuta leo, alisema, hilo litawasaidia kuliko katoni kumi za filimu.

Basi Melchior akawaita mmoja mmoja. Walikuja kumwamkia mgonjwa, na kabla hawajaondoka aliwaambia wamsikilize anavyopumua. Hakuhubiri, maana sauti haikumruhusu. Aliwaomba wakae dakika tano kimya pembeni ya kitanda. Walikuja watu kumi na wanne. Léa anahesabu sita walioacha kabisa. Vagheni hakuacha. Alilia kila alipokuja, na alitoka nje kuvuta.

Maumivu ya mgongo yalikuja mwezi wa sita. Docteur Kapinga alimpatia morphine ya kutuliza maumivu, kwa chupa ndogo, kupitia masista wa Beni, na chupa zilipochelewa kwa sababu ya barabara, Godelive alimkanda kwa maji ya moto na kumsimulia habari za soko: nani amegombana na nani, viazi vya Lubero vilivyofika vimeoza, mama gani amepata mjukuu. Siku moja katikati ya habari hizo alisimama na kumwambia kwamba amemsamehe, ila bado ana hasira, na kwamba vitu viwili hivyo vitabaki ndani yake pamoja. Melchior alimwambia ni sawa. Alikufa siku nane baadaye, mwezi wa nane wa mwaka 2001, saa nne asubuhi, baada ya kunywa nusu kikombe cha chai. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Mama Émérance hakuwa kwenye mazishi. Baada ya ile Jumapili hakuna jiwe lililorushwa tena, na wateja wachache walirudi, lakini mwezi wa tatu, wakati Melchior na Godelive walikuwa Kampala, alipakia masufuria yake kwenye lori akahamia Beni. Aliwaambia majirani kwamba hawezi kulala mahali ambapo watu wamekwisha kupanga namna ya kumuua. Hakuacha salamu kwa Kahongya, wala Kahongya hakumfuata. Kati ya siku ya zile filimu na kuhama huko, mara mbili Kahongya alikuwa amesimama nje ya ua wa yule mama, akageuka bila kupiga hodi.

Majuma matatu baada ya maziko, Kahongya alipanda gari la kwenda Beni. Watoto wake walimkataza. Siku chache nyuma gari lilikuwa limechomwa moto kwenye barabara hiyo. Alienda. Alizunguka masoko mawili akiuliza mwanamke wa Équateur anayekaanga mikate, akampata karibu na maegesho, mbele ya sufuria ya mafuta.

Kahongya mwenyewe ndiye aliyemsimulia Godelive yaliyofuata, na hakujipendelea. Alisema alisimama pale mbele ya sufuria. Mama Émérance alimtambua, akaendelea kugeuza mikate. Mwishowe Kahongya alimwambia kwamba Melchior amekufa, na kwamba yeye Kahongya ndiye aliyemleta mganga, ndiye aliyewaambia vijana, na amekuja kusema hivyo kwa mdomo wake.

"Vijana ni weye uliwatuma?" Mama Émérance aliuliza.

"Ni miye."

Mama Émérance aliitoa mikate kwenye mafuta, yote, akaipanga kwenye karatasi. Aliuliza Melchior amezikwa wapi, na kama alipata maumivu mengi. Kahongya alimjibu yote mawili. Aliuliza kama Godelive amebaki na mtu wa kumsaidia sokoni. Kisha alisema kwamba mambo mengine hana la kusema, labda siku nyingine, na kwamba magari ya kurudi Butembo yanaondoka kabla ya saa nane, baada ya pale si vizuri kusafiri.

Kahongya alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, upande wa pili, kungoja gari. Alikaa pale zaidi ya saa moja, akimtazama yule mama akiuza. Mama Émérance hakumwita, na hakumfukuza.